Mji wa magofu na gofu: siku moja ya mama St Andrews

*Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi hapa Edinburgh, Uskoti. Mama yangu anakuja kutoka Pangani, wiki mbili za nusu ya pili ya Septemba. Ana miaka 67, goti la kulia linamsumbua, na swala haimpiti. Nataka nimpeleke St Andrews siku moja tukatembee taratibu. Nimesoma kwenye intaneti orodha ya vitu 25 vya kuona, nimechanganyikiwa. Halafu rafiki zangu wananicheka: huo ni mji wa gofu, mama wa Pangani ataenda kufanya nini? Nianzie wapi, na niache nini?*

Marahaba mwanangu. Hao rafiki zako wamesema nusu ya kweli. Kiswahili chetu kina gofu la jumba lililobomoka, na kina gofu ya fimbo na mpira. St Andrews unayo yote mawili, tena yamegawana mji: magofu yako mashariki, gofu iko magharibi, na katikati kuna mitaa mitatu mirefu na chuo kikuu. Mwambie mama mnakwenda mji wa gofu. Akiuliza gofu la nani, mjibu kwamba ni la maaskofu, na hapo safari imeshaanza.

Katika vile 25 chagua vichache tu, na kimojawapo kiwe kukaa kwenye benchi. Nasema hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza wageni nilimbeba bibi mmoja wa Unguja mbio mbio, vituo kumi na kimoja kabla ya chakula cha mchana. Tulipofika mlango wa ngome alikaa chini kwenye ngazi akakataa kunyanyuka, na nilistahili. Mji wenyewe ni mdogo: mzunguko mzima nitakaokupa unatembeleka kwa miguu taratibu. Mnazo saa saba za kuutembea. Hakuna sababu ya kukimbizana.

Siku iwe Jumapili. Najua Jumapili mabasi hupungua na maduka huchelewa kufungua, lakini kuna mambo mawili huyapati siku nyingine, na nitayaeleza tukiyafikia. Tahadhari moja tu: kuna mashindano makubwa ya gofu kila mwaka, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Angalia tarehe zake kabla hujakata tiketi, uchague Jumapili inayoyatangulia.

Treni haifiki St Andrews. Reli ya mji ilifungwa 1969, na stesheni iliyo karibu ni Leuchars, kilomita nane hivi kutoka mjini. Kutoka Edinburgh ni kama saa moja, kisha basi namba 99 linawaingiza mjini kwa robo saa au chini yake. Kaeni upande wa kulia wa treni. Mkishatoka Edinburgh mtavuka Daraja la Forth, lile la chuma chekundu lililofunguliwa 1890, urefu wake kilomita mbili na nusu, na baada ya hapo reli inaambaa na bahari kwa muda mrefu. Mama atakuwa na la kutazama. Na mkiwa bado mjini Edinburgh atakutajia Mwalimu Nyerere, aliyesoma chuo kikuu hapo kuanzia 1949 hadi 1952. Akikutajia, msikilize, usimwambie unajua.

Kituo cha basi kiko upande wa magharibi, kwa hiyo mtapita kwanza mtaa wa kusini, South Street, mkielekea mashariki. Mtaingia kwa lango la mawe liitwalo West Port, la mwaka 1589. Mtaa ni tambarare, mpana, una miti, na urefu wake ni karibu kilomita moja. Goti halitalalamika. Kulia na kushoto mtaona vichochoro vyembamba vinavyoingia ndani kati ya nyumba. Mama wa Pangani anajua mji wa mawe unavyojificha nyuma ya kuta zake, mwache achungulie.

Kituo cha kwanza ni ua wa St Mary's, chuo cha theolojia kilichoanzishwa miaka ya 1530. Geti likiwa wazi, ingieni. Kuna mti wa miiba, mkongwe, umeegemezwa nguzo kama mzee mwenye fimbo, na watu husema ulipandwa na Malkia Mary wa Waskoti katika miaka ya 1560. Kuna mwingine mkubwa zaidi, wa jamii ya mwaloni, usiopukutisha majani hata kipupwe. Kuna benchi. Kaeni dakika ishirini. Usimwonyeshe simu.

Nje ya ua huo, kwenye lami ya miguu ya South Street, tafuteni mstari wa chuma uliolazwa chini. Wageni wengi wanaupita bila kuuona, lakini kwa mama yako nauona ndio kitu bora cha mtaa mzima. Katika miaka ya 1670 palikuwa na profesa wa hisabati aitwaye James Gregory, ambaye chumba chake cha kazi kilikuwa kwenye ukumbi wa juu, palipo maktaba ya zamani ya chuo. Aliweka alama ya mstari wa kaskazini na kusini ili apate wakati kwa kuzitazama nyota na jua. Greenwich na mstari wake vilikuja kutawala saa za dunia baadaye sana. Hesabu ni nyepesi: dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani kila digrii moja ni dakika nne. St Andrews iko digrii 2.8 hivi magharibi ya Greenwich, kwa hiyo jua la utosini hapa linachelewa dakika kumi na moja.

Sasa, jua kuvuka mstari ule ndiko kupinduka kwa jua, na jua likipinduka adhuhuri imeingia. Alichokuwa akikitafuta Gregory na darubini zake, mama yako amekitafuta maisha yake yote kwa kivuli. Katika wiki zenu, kwa saa za kiangazi za hapa, jua linapinduka saa saba na dakika tatu nne hivi mchana. Mwambie hivyo akiwa amesimama juu ya mstari.

Endeleeni hadi mwisho wa mtaa, na hapo anga inafunguka: magofu ya kanisa kuu. Msingi wake uliwekwa karibu na 1160, na lilikuja kuwekwa wakfu 1318, mfalme Robert the Bruce akiwepo, miaka minne baada ya kuwapiga Waingereza pale Bannockburn. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 150 ya ujenzi. Katikati ya kazi, katika miaka ya 1270, dhoruba iliangusha upande mzima wa magharibi, wakaujenga upya na kulifupisha jengo. Hata baada ya kufupishwa lilibaki na urefu wa mita 119 hivi, na hakuna kanisa lililopata kuzidi ukubwa wake Uskoti. Leo kilichosimama ni ukuta mmoja wa kusini, vipande viwili vya ncha za mashariki na magharibi, na mnara wa St Rule wa mita 33, ambao ni mkongwe kuliko kanisa lenyewe. Ngazi za mnara ni nyembamba, zinajizungusha ndani kama ngazi za kupandia muadhini. Mama abaki chini. Wewe ukitaka, na ukiukuta wazi, panda, si lazima.

Kuingia uwanjani ni bure. Nyasi zimekatwa vizuri, lakini kumbuka ni makaburini, kwa hiyo si mahali pa kuswali. Tafuteni kaburi la Tommy Morris, kijana mwenye sanamu ya ukutani ameinama na fimbo yake ya gofu. Alishinda mashindano makuu ya Uingereza mara nne mfululizo, 1868 hadi 1872, maana 1871 hayakufanyika. Mke wake alifariki akijifungua Septemba 1875, na yeye akafuata siku ya Krismasi mwaka huo huo, akiwa na miaka 24. Baba yake, mzee Tom, aliyekuwa mtunzaji wa uwanja, aliishi hadi 1908. Hapo gofu na magofu yamekutana pahala pamoja. Mama zetu wanajua kusimama kwenye kaburi la mtoto wa mtu. Mpe nafasi.

Atakuuliza nani alibomoa. Jibu lina sehemu mbili, na ndiyo hadithi yote ya mji huu. Mwaka 1559 mhubiri John Knox alitoa mahubiri makali katika kanisa la Holy Trinity, lile mlilolipita South Street, na mwezi huo huo wa Juni watu wakaenda kulivua kanisa kuu sanamu, mapambo na kila alama ya Ukatoliki. Lakini hawakulibomoa siku hiyo. Kilicholimaliza ni kuachwa. Paa likaingia maji, na watu wa mji wakaona mawe mazuri yaliyochongwa tayari, wakayachukua moja moja kwa miaka mingi kujengea nyumba zao. Mawe ya kanisa hayakwenda mbali: mengine yamo kwenye kuta za nyumba mnazopita. Anayetoka pande za Tongoni, aliyeona msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo yakiliwa na chumvi na mizizi, hatashangaa.

Ikikaribia saa sita mchana, teremkeni polepole bandarini. Njia ina mteremko, mshike mkono. Hili ndilo jambo la kwanza la Jumapili. Wakati wa muhula, ibada ya chuo huanza saa tano asubuhi, na ikiisha wanafunzi huvaa majoho yao mekundu mazito, wakashuka kwa maandamano na kutembea hadi mwisho wa gati na kurudi. Rangi ile juu ya mawe ya kijivu na bahari ya kijivu, mwanangu, sijawahi kuichoka. Kurudi, wanafunzi hupanda ukuta wa juu, mwembamba usio na kizuizi. Ninyi tembeeni njia pana ya chini, na ukiona mawimbi yanaruka gati, tazameni kutoka nchi kavu. Na mwambie anakanyaga nini: gati la zamani la mbao lilivunjwa na dhoruba katika miaka ya 1650, na baraza la mji likaamuru mawe ya ngome yatumike kulitengeneza. Anatembea juu ya ngome ya askofu.

Ngome yenyewe iko mwendo mfupi kaskazini magharibi, juu ya jabali. Ushauri wangu ni kuitazama kutoka barabarani. Kuingia ni kwa tiketi, na kilicho maarufu ndani ni shimo la gereza lililochongwa kwenye mwamba kwa umbo la chupa, pamoja na handaki la vita la 1546 na 1547 ambalo unaliingia umeinama. Handaki si la goti la mtu wa miaka 67. Barabarani mtaona herufi GW zimetengenezwa kwa mawe. Hapo George Wishart, mhubiri wa Kiprotestanti, alichomwa moto tarehe 1 Machi 1546 kwa amri ya Kardinali David Beaton. Wenzake Wishart hawakukawia. Tarehe 29 Mei kikundi cha watu kiliingia ngomeni asubuhi pamoja na mafundi waashi waliokuwa kazini, kikamuua Beaton na kuuning'iniza mwili wake ukutani. Wakajifungia humo zaidi ya mwaka, hadi merikebu za Wafaransa zilipowapiga mizinga Julai 1547. Kati ya waliotekwa alikuwa Knox, akafungwa kwenye kasia za merikebu ya Kifaransa miezi 19. Huyo ndiye aliyerudi 1559. Sehemu ya ukumbi wa ngome iliporomokea baharini 1801. Bahari nayo ilidai fungu lake.

Kutoka hapo geukeni North Street, mbele ya mnara wa St Salvator's, chuo kilichoanzishwa 1450. Chuo kikuu chenyewe kilipata hati ya Papa mwaka 1413, na ni cha kwanza Uskoti. Chini ya mnara kuna herufi nyingine, PH, za Patrick Hamilton, kijana wa miaka 24 hivi aliyechomwa hapo Februari 1528. Kuni zilikuwa mbichi, moto ukachukua saa sita kumaliza. Mwanafunzi wa hapa hakanyagi herufi hizo hata akichelewa mtihani, kwani anaamini atafeli. Aliyekanyaga dawa yake ni kuingia baharini alfajiri ya tarehe 1 Mei, kwenye maji ya baridi isiyosemeka. Mama akikanyaga hana neno, hana mtihani. Wewe kama una mpango wa kusoma tena, zunguka.

Kuleni sasa. Mtaa wa kati, Market Street, na vichochoro vyake vina migahawa ya kila aina. Supu ya hapa inayoitwa Cullen skink nampendekezea kila mgeni wa pwani: samaki wa kuvutwa moshi, viazi, vitunguu, maziwa. Ni kitu kizito, kinapasha mwili, na ladha ya moshi si ngeni kwa mtu aliyekula ng'onda. Kwa samaki na chipsi, uliza kwanza mafuta, kwa sababu baadhi ya maduka Uskoti hukaangia mafuta ya ng'ombe. Haggis ya kawaida ni moyo, maini na mapafu ya kondoo na nafaka ya oats, hivyo nayo ina suala la uchinjaji. Ipo isiyo na nyama. Baadaye aiskrimu kwa Jannettas, South Street, waliopo tangu 1908. Foleni ni ndefu, inakwenda haraka.

Mkishakula shukeni The Scores, barabara ya juu ya jabali, mkielekea magharibi. Njiani kuna mnara wa mashahidi, wa 1842, kwa ajili ya Hamilton, Wishart na wengine wawili waliochomwa mji huu. Mmeshasikia habari zao, hamna haja ya kusimama sana. Chini yake, karibu na ufukwe, kuna nyasi pana za Bruce Embankment. Hapo mama aswali. Kibla kutoka hapa ni kusini mashariki. Mkeka uwe mzito kidogo, au uuwekee mawe pembeni, kwa sababu upepo wa magharibi hautanii. Udhu achukulie mgahawani.

Na sasa gofu ya fimbo. Old Course, uwanja unaoitwa nyumbani kwa gofu, hauchezwi Jumapili. Hili ni lile jambo la pili. Siku nyingine ukikanyaga hapo utakemewa. Jumapili watu wa mji wanatembeza mbwa, watoto wanagaagaa, na mnaweza kwenda hadi daraja dogo la mawe la Swilcan mkasimama walipopigia picha mabingwa wote. Ardhi hii ni ya umma tangu zamani. Mwaka 1457 bunge la Uskoti lilipiga marufuku gofu kwa kuwa vijana waliacha mazoezi ya upinde. Karibu miaka mia baadaye, 1552, askofu mkuu aliwathibitishia wenyeji haki ya kucheza hapa, huku yeye akibaki na haki ya kufuga sungura. Msifikiri nafanya mzaha, sungura wamo kwenye hati.

Jengo la mawe linalotazama uwanja ni klabu ya tangu 1754, na haikukubali wanachama wanawake hadi Septemba 2014. Mwonyeshe mama, halafu mpeleke hatua chache ng'ambo, kwenye uwanja mdogo wenye vilima uitwao Himalayas. Klabu ya wanawake iliuanzisha 1867, wakati mwanamke kuinua fimbo juu ya bega kulihesabiwa utovu wa adabu. Wakaachiwa kusukuma mpira chini kwa chini. Wakaufanya mchezo mgumu ajabu. Siku hizi mtu yeyote anacheza kwa pauni chache, fimbo na mpira unapewa, kwa saa ambazo wanachama hawautumii, basi angalia ratiba. Hakuna kukimbia wala kurusha. Ni jicho, subira na mkono mwepesi. Nimewaona wamama waliokuja kwa kusindikiza tu wakiwafunga watoto wao hapo, na sijui utajitetea vipi kwa rafiki zako.

Kama mwili bado una nguvu, ufukwe wa West Sands unaanza papo hapo, karibu kilomita tatu za mchanga mgumu. Tembeeni robo saa na mrudi. Maji yakitoka yanakwenda mbali, kama kwenu. Jua litazama karibu na saa moja jioni.

Nguo: koti lisilopitisha upepo, kofia ya sufu chini ya mtandio, viatu vya soli nene. Mwavuli acheni nyumbani. Na siku inaweza kuanza na haar, ukungu mzito wa bahari unaoufunika mji mzima ghafla. Msiahirishe safari kwa ajili yake. Magofu ndani ya haar yanapendeza kuliko kwenye picha zote, na mara nyingi hupeperuka kabla ya mchana.

Angalieni mapema saa ya basi la mwisho linalowahi treni yenu. Na mkipanda Leuchars kurudi, safari hii kaeni kushoto.